Wametuahidi mdoli wa kompyuta na mafunzo ya wiki moja, tukubali?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, chuo chetu kina wanafunzi kama 180 na midoli miwili ya zamani ya kufanyia mazoezi kama mgonjwa, mmoja hauna mkono. Chuo kikuu kimoja cha nje kimetuandikia kinataka tushirikiane kufundisha kwa simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza kabla ya mgonjwa wa kweli. Watatupa mdoli mmoja wa kisasa wa kompyuta na wataalamu wao wawili watakuja wiki moja kutufundisha. Mkuu wa chuo amefurahi anataka tusaini haraka. Mimi nafurahi ila roho inasita na sijui kwanini. Tuwaombe nini, na tuangalie nini kabla ya kusaini?"

Marahaba mwenzangu. Hiyo roho isikilize, haijakosea. Mi kwenye hizi shughuli nina miaka mingi, nimekaa upande wa kupokea na nimekaa upande wa kupeleka, na jibu langu fupi ni kwamba kubalini ushirikiano ila mdoli uwe kitu cha mwisho kwenye maombi yenu sio cha kwanza. Ombeni mtu. Yaani mtu wa kuwa na nyie mwaka mzima, hata kama ni kwa video, anawaangalia mnavyoendesha mazoezi na hasa ule mjadala wa baada ya zoezi, anawarekebisha, mnarudia. Mkimpata huyo, hata ule mdoli usio na mkono utafundisha. Msipompata, ule wa kompyuta utafunikwa shuka ndani ya chumba kimefungwa na funguo anayo mkuu.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Chuo kimoja nilichofanya nacho kazi kilipewa mdoli wa aina hiyo, mzuri balaa, unapumua, macho yanafumba na kufumbua, mapigo unayapapasa shingoni na kwenye kiwiko cha mkono. Ulitoka kwenye nchi ya umeme wa volti 110 ukaja kwenye volti 230. Siku ya kwanza tu, wageni wenyewe wamesimama pale, kile kimashine cha kuusukumia hewa kikachomekwa ukutani, moshi. Spea ikachukua miezi saba. Spea ilipofika leseni ya programu ikawa imeisha muda wake, na kuilipia upya ni hela kuliko bajeti ya vifaa vya mwaka mzima, afu mtu pekee aliyefundishwa kuuendesha alishahama kazi. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya hapo, ndo maana inaniuma. Wala sio chuo kile peke yake, kuna utafiti wa 2011 uliokusanya hesabu za vifaa vya tiba kwenye hospitali za nchi zenye kipato kidogo ukakuta karibu asilimia 40 ya vifaa havitumiki, na chanzo kikubwa ni watu kutofundishwa, usimamizi mbovu, na miundombinu kama umeme.

Ukitazama tulikotoka utaona mdoli haujawahi kuwa ndo somo lenyewe. Mwaka 1911 shule ya manesi ya hospitali ya Hartford, kule Connecticut Marekani, ilipokea mdoli wa ukubwa wa mtu mzima uliotengenezwa na Martha Chase, mama aliyekuwa anatengeneza midoli ya watoto. Wakauita Mrs. Chase, wanafunzi wakajifunzia kumgeuza mgonjwa, kumvalisha, kumhamisha kitandani. Hauna waya hata mmoja. 1960 ukaja Resusci Anne wa Åsmund Laerdal, mtengeneza vitu vya kuchezea watoto wa Stavanger, Norway, wa kufundishia kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo, baadaye wakauwekea springi kifuani ili watu wakandamize. Na 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu kule Los Angeles, akaona kwani lazima mdoli, akamfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa na wanafunzi wakampima. Kwahiyo ukiwa na mkufunzi mwenzako anayejua kuigiza mama aliyekasirika au mgonjwa wa pumu anayeongea kwa kukatakata, tayari una kitu ambacho mdoli wa bei yoyote hauwezi, kwa sababu mdoli hauwezi kukuangalia kwa dharau pale unapomchoma kumwekea kanula ya dripu mara ya tatu. David Gaba, daktari wa usingizi wa Stanford na mmoja wa waasisi wa simulesheni ya kisasa, aliandika 2004 kwamba simulesheni ni mbinu, sio teknolojia. Huyo ni mtu aliyejenga mashine zenyewe, sio mimi niliyekosa hela nasingizia.

Sasa kuhusu ile wiki moja. Hapa ndo nataka usome polepole kwa sababu ushahidi upo na ni wa Haydom, hospitali ya vijijini kaskazini mwa Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi na wenzao wa Norway. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa kufundisha kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, unaitwa Helping Babies Breathe, uliandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Mdoli wake ni wa bei nafuu, unaitwa NeoNatalie, unaujaza maji unakuwa na uzito wa mtoto, unabonyeza kipira unapata mapigo ya kitovu. Msisitizo wote ni ile dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Haydom wakafundisha watu wao kwa siku moja. Baada ya miezi saba wakawapima tena kwenye mdoli, waliofaulu zoezi la kumhuisha mtoto walipanda kutoka asilimia 18 mpaka 74. Shangwe si ndio? Sasa wakaangalia chumba cha kujifungulia, watoto wa kweli, wanafanyiwa nini. Hakuna kilichoboreka cha maana, idadi ya wanaopewa hewa kwa mfuko ilibaki palepale.

Mi nikisoma matokeo kama yale huwa nawaheshimu waliothubutu kuyatoa, wengi wangetoa ile 74 wakanyamaza. Walichofanya baada ya hapo ndo somo lako. Mazoezi yakahamishiwa wodini, mafupi mno, ya dakika chache lakini mara kwa mara, mdoli uko palepale karibu na kazi, na watu wa ndani wakapewa jukumu la kuyasukuma. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila 1000. Mbegu hiyohiyo ikakua ikawa mpango mkubwa kwenye vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania, safari hii pamoja na vifaa vipya vya kupima mapigo ya moyo na takwimu za kila kituo kurudishwa kwa wahudumu wenyewe wazione, na matokeo yaliyotoka 2025 yalionyesha vifo vya watoto vya kuzunguka kujifungua vimeshuka toka 15.3 mpaka 12.5 kwa kila 1000. Ule ushirikiano ulifanya kazi kwa sababu wageni na wenyeji walikaa pamoja zaidi ya miaka kumi na waliokuwa wanaendesha mazoezi kila wiki walikuwa wenyeji. Sio kwa sababu ya plastiki ya NeoNatalie.

Kwahiyo ukiambiwa wiki moja, uliza wiki ya pili ni lini. Kama hawana jibu basi hiyo ni ziara ya kutembea tu.

Najua utaniambia "lakini mwalimu kuna ule utafiti mkubwa wa Marekani uliosema simulesheni inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya masaa ya wodini". Ndiyo upo, wa 2014, ulifanywa na baraza la kitaifa la bodi za uuguzi kule, vyuo 10, wanafunzi 666 waliomaliza, wakagawanywa makundi, wengine wakapewa simulesheni robo ya masaa yao ya kliniko, wengine nusu, na mwisho hakukuwa na tofauti kwenye ufahamu, uwezo kazini wala kufaulu mtihani wa leseni. Ni utafiti mzuri. Ila watu wanausoma kichwa cha habari wanaacha mwili. Kabla ya kuanza walimu wote walifundishwa kwa mfumo mmoja, mjadala wa baada ya zoezi ulifuata njia moja iliyopangwa, na walimu wenyewe walikuwa wanapimwa. Ukiondoa hayo ukabaki na mdoli na kundi la wanafunzi 40 wamesimama nyuma wanachungulia mabegani, hizo namba sio zako.

Na swala la masaa lina sheria zake, kila nchi na yake, usichukue ya mshirika ukadhani ni ya dunia. Uingereza mwanafunzi anatakiwa masaa 2300 ya vitendo na katika hayo baraza lao linaruhusu hadi 600 yawe ya simulesheni. Umoja wa Ulaya unadai masaa 4600 ya mafunzo yote na angalau nusu iwe kliniko, yaani kukutana na mtu mwenyewe, mzima au mgonjwa, kwahiyo mdoli pale hauhesabiki kirahisi. Wewe nenda baraza la uuguzi la nchi yako uulize kwa maandishi kabla hujaandika neno masaa kwenye mkataba. Nimeona wanafunzi wanakataliwa masaa yao mwaka wa mwisho kwa kosa kama hilo na machozi yake sio ya kuigiza.

Haya tuje kwenye mjadala wa baada ya zoezi, wengi tunauita dibrifingi, mi nitauita mjadala. Hapa ndo mwanafunzi anajifunzia. Zoezi lenyewe la dakika 10 au 15 ni la kutikisa tu mti, matunda unayaokota kwenye mjadala, na muda wake huwa sawa na zoezi au mara mbili yake. Ngoja nikupe mfano maana maneno matupu hayasaidii.

Zoezi: mgonjwa anaongezewa damu, dakika kumi zimepita anaanza kutetemeka, anajikuna, anasema mgongo unauma. Mwanafunzi anatoka mbio kumwita daktari, damu inaendelea kushuka. Tumekaa kujadili. Mkufunzi wa kawaida, na mimi nilikuwa hivyohivyo usinione, anasema "kwanini hukufunga damu? Si tulisoma hii mwaka wa kwanza?" Mwanafunzi anasema samahani mwalimu. Imeisha. Umepata samahani, hujapata kitu kingine.

Sasa jaribu hivi: "Niliona mgonjwa alivyoanza kutetemeka ulitoka kumwita daktari, damu ikaendelea. Mi niliingiwa na hofu kwa sababu kila tone linalozidi kuingia linaongeza tatizo. Hebu nisaidie, pale ulikuwa unawaza nini?" Afu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kuliko yote, hesabu mpaka kumi moyoni. Siku niliyouliza hivyo binti mmoja akanijibu kwa sauti ndogo kwamba alijua kabisa anatakiwa kufunga, ila alifikiri nesi haruhusiwi kusimamisha kitu alichoagiza daktari. Umeona? Tatizo halikuwa elimu ya damu, tatizo lilikuwa nani ana ruhusa ya kugusa ile klempu ya kufungia mrija wa damu. Ningerudia lile somo la mwaka wa kwanza mara mia nisingeligusa. Na wenzake saba kati ya kumi waliokuwa wamekaa pale walikuwa wanaamini hivyohivyo. Njia hii ya kusema ulichoona, ukasema kwanini kimekusumbua, afu ukauliza mtu aliwaza nini, iliandikwa vizuri mwaka 2006 na Jenny Rudolph na wenzake wa Boston, na ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha kuwaomba hao wageni wako wawafundishe, ni hicho. Mdoli wao waache kwao.

Lakini hapo kuna mtego mwingine ambao wageni hawauoni. Mjadala una utamaduni wake. Kuna watafiti waliwauliza waendesha mijadala wa nchi mbalimbali wanavyofanya, ikaonekana kwenye jamii ambazo mkubwa anaheshimiwa sana na hapingwi, mwalimu anaongea zaidi, anauliza maswali ya ujuzi wa kitabuni, na mambo ya mawasiliano na kusaidiana kazini yanaguswa kidogo. Sio kwamba walimu hao ni wabaya, ndo malezi. Sasa mgeni anakuja na desturi yake ya kuitana majina ya kwanza, kaeni duara, kila mtu aseme anavyojisikia, wanafunzi wako wanatazama chini, mgeni anaandika kwenye ripoti kwamba hawana uwezo wa kujitafakari. Wee, wanao! Hawawezi tu kumsema mwenzao mbele ya mwalimu na mgeni kwa wakati mmoja, nani angeweza?

Tulichokuja kugundua kwa kuhangaika ni kwamba ukiwapa kwanza kila mmoja karatasi aandike bila jina kitu kimoja kilichomshangaza kwenye zoezi, afu waongee wawiliwawili, ndo baadaye kundi zima, wanafunguka. Mwalimu akae asisimame. Mwanafunzi wa mwaka wa chini aanze kusema kabla ya wakubwa. Na ukiri kosa lako moja la zamani la wodini, la kweli, sio la kupamba, utashangaa chumba kinavyolegea. Hivyo vitu vimetoka kwetu sisi tuliokuwa tunapokea, na baadaye wale wageni wakavibeba wakaenda navyo kwao kwa sababu na wao wana wanafunzi wanyamavu. Ushirikiano ukianza kwenda pande zote mbili namna hiyo ndo unajua umeshika.

Kitu kingine ambacho nisingependa kikukute ni sinario, yaani visa vya kuigiza kwenye zoezi, za kuletewa zimeshaandikwa. Zinakuja nzuri, zimepigwa chapa kwa rangi, na mkipokea hivyohivyo zinawaumbua. Tulishaendesha moja, mgonjwa wa kisukari amelegea, anatoka jasho, kadi inasema sukari 50. Mwanafunzi akaangalia akasema jamani sukari 50! akaomba insulini, dawa ya kushusha sukari. Mgeni akashika kichwa, wakufunzi tukaona aibu, mjadala ukaanza kwa kumkalia kooni mtoto wa watu. Mpaka mwenzetu mmoja wa nyuma akauliza, hiyo 50 ni ya kipimo gani? Kumbe sinario iliandikwa na watu wanaopima kwa miligramu kwa desilita na wanafunzi wetu wanajua milimoli kwa lita. 50 yao ni 2.8 yetu, sukari imeshuka vibaya, na 50 ya kipimo chetu ingekuwa juu ya kutisha. Ni kweli jasho na kulegea vingemshtua, na hilo tulilijadili, lakini namba aliisoma sawasawa kama alivyofundishwa. Kwahiyo kila sinario ipitieni mstari kwa mstari: vipimo, joto la Fahrenheit, majina ya dawa maana wengine adrenalini wanaiita epinefrini na paracetamol wanaiita asetaminofeni, fomu za wodi, nani anaitwa kwa dharura na anakuja kwa muda gani. Sinario ikisema "bonyeza kitufe timu ya dharura ifike ndani ya dakika mbili" na hospitali yenu haina hiyo timu, basi mnamfundisha mwanafunzi kusubiri watu ambao hawatakuja. Andikeni yenu kwa kutumia wagonjwa mliowahi kuwaona, wageni wawe wahariri.

Kuhusu uhalisia usijisumbue sana na ngozi na macho. Cha msingi ni kile kitu unachotaka mwanafunzi aamue kiwe cha kweli. Kama unafundisha kutambua mama anayevuja damu baada ya kujifungua basi damu ionekane ikitoka, ijae, iloweshe kanga, na mama aongee huku sauti inafifia. MamaNatalie inafanya hivyo, anaivaa mtu tumboni na yeye ndo anakuwa sauti ya mama. Wale wa PRONTO, shirika la kufundisha huduma za uzazi kwa simulesheni, walioanzia kazi yao Mexico waliishonea suruali ya kawaida ya chumba cha upasuaji ikawa ya kuigizia uzazi, wanaivaa, wanazalisha. Fundi cherehani anatosha. Hiyo ndo aina ya kitu ningewaomba wageni walete, ramani ya kushona, sio kontena.

Mengine nayapitia haraka. Rekodi za video za wanafunzi zibaki kwenu, ziwe na muda wa kufutwa na mwanafunzi asaini kwa hiari, sio wakaziweke kwenye mitambo ya nje mkashindwa kuzifuata. Zoezi la kujifunza litenganishwe kabisa na mtihani, mkianza kutoa alama kwenye kila zoezi hakuna atakayethubutu kukosea na mtakuwa mmeua dawa. Kukutana kwa video kunawezekana vizuri tu, watu wa Toronto walifundisha madaktari wa Botswana kwa njia ya intaneti kuanzia karibu 2010, kila upande na kifaa chake mezani, ila wekeza kwenye maikrofoni kuliko kamera, picha ikikwama somo linaendelea, sauti ikikwama limekufa. Na kama wanafunzi wao watakuja kwenu, iandikwe kwamba hawafanyi kwa wagonjwa wenu kitu ambacho kwao hawaruhusiwi kufanya. Hilo watu hulionea haya kulisema, wewe liseme.

Data na machapisho nayo. Washirika wengi wa vyuo vikuu wanahitaji kuandika makala, sio dhambi, ndo kazi yao inavyopimwa. Lakini wakufunzi wenu waliokusanya hizo data majina yao yawe kwenye makala na sio kwenye shukrani za chini, na kibali cha maadili kitoke kwenu pia. Yote hayo semeni mwanzoni mkiwa bado mnapendana.

Unaweza kujiuliza kwanini sasa hivi kila chuo cha nje kinatafuta mshirika wa simulesheni. Ripoti ya WHO ya 2020 ilihesabu manesi milioni 27.9 duniani na upungufu wa milioni 5.9, kwahiyo kila nchi inasukumwa kudahili zaidi, wanafunzi wanaongezeka, wodi haziongezeki, na kitanda kimoja kinazungukwa na watu kumi. Fedha za ushirikiano zinafuata hapo. WHO haohao kwenye mwongozo wao wa 2013 walipendekeza simulesheni kwenye elimu ya afya, na wakasema wazi penye uwezo mdogo tumieni ya uhalisia wa chini, haina ubaya. Msomee mkuu wako kile kipande. Na viwango vya INACSL, chama cha kimataifa cha manesi wa simulesheni, lile toleo la 2021, viko bure mtandaoni, vya maandalizi ya kabla ya zoezi na vya mjadala visomeni pamoja na wageni hata kabla hawajapanda ndege, mtajua mapema kama mnaongea lugha moja.

Sasa jibu lenu kwao. Mi ningeandika hivi, rekebisha upendavyo:

"Tumefurahi sana na tuko tayari. Kabla ya kusaini tunapendekeza mabadiliko machache. Badala ya wiki moja mwanzoni, tunaomba siku tatu mwanzoni, siku tatu baada ya miezi sita, na katikati yake kila wiki mbili saa moja ya video ambapo mtaalamu wenu anaangalia mjadala tuliouendesha sisi na kutupa maoni. Tunaomba wakufunzi wetu wawili waje kwenu wiki mbili, kufundisha na kujifunza. Sinario sita za kwanza tutaandika sisi, ninyi mtahariri. Kuhusu mdoli wa kompyuta, tunaomba kujua volti yake, bei ya leseni kwa mwaka na nani anailipa baada ya mwaka wa kwanza, spea zinapatikana wapi, na nani atamfundisha fundi wetu. Ikiwa gharama hizo ni kubwa, tungependa fedha hizo zitumike kwenye midoli midogo kumi na safari za wakufunzi."

Mpe mkuu wako aisome akiwa ametulia, asubuhi, sio baada ya kikao. Akisema mtapoteza bahati, mwambie kuna chuo kina mdoli umefunikwa shuka unaweza kumpeleka akauone. Wageni wakijibu niandikie, hasa nataka kuona watasema nini kwenye kile kipengele cha kila wiki mbili, maana wenye nia huwa wanauliza "siku gani?" na wasio nayo wanaanza kukuelezea tofauti ya masaa.